Sauti, Silabi na Ufahamu: Uhakiki wa Mbinu ya Foniki katika Ufundishaji wa Kusoma Kiswahili Nyumbani

Ikisiri

Makala haya yanahakiki matumizi ya mbinu ya foniki katika kumfundisha mtoto mdogo kusoma Kiswahili nyumbani. Kazi mbili zilizoandikwa kwa ajili ya Kiingereza, yaani Teach Your Child to Read in 100 Easy Lessons (1983) na Jolly Phonics (1992), zimechukuliwa kuwa vielelezo vya mbinu hiyo. Hoja inayojengwa ni kwamba foniki ni jibu zuri kwa swali linaloulizwa na tahajia ya Kiingereza, na kwamba inapohamishiwa Kiswahili bila marekebisho huacha nje mambo matatu: nafasi ya silabi, sauti za mzazi anayefundisha, na ufahamu wa mtoto ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza. Jambo la tatu lina uzito wa pekee Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa washauri wa sera.

Istilahi muhimu: foniki, silabi, othografia, ufahamu, malezi

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu mjadala kuhusu kusoma katika Afrika Mashariki ulikomea mlangoni mwa darasa. Walimu ni wangapi, vitabu ni vingapi, wanafunzi wangapi wamo katika chumba kimoja: hayo ndiyo yaliyokuwa maswali ya kawaida. Katika miaka ya karibuni macho yamegeukia nyumbani. Upimaji wa Uwezo katika Kenya, Tanzania na Uganda ulichangia mabadiliko hayo, kwa kuwa watoto walipimwa majumbani mwao, na mzazi akapata nafasi ya kushuhudia mwanawe akisoma au akishindwa kusoma. Kufungwa kwa shule kutokana na UVIKO-19 kulilitia nguvu zaidi suala hilo. Nchini Uganda, ambako shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, mzazi alijikuta ndiye mwalimu pekee aliyebaki.

Ni katika mazingira hayo ambapo mbinu ya foniki imepata mvuto kwa wazazi wa mijini na kwa wanaobuni programu za elimu ya awali. Katika makala haya, foniki ina maana ya mbinu ya kufundisha kusoma ambayo huanza kwa kumfunza mtoto uhusiano kati ya sauti moja moja na herufi zinazoiwakilisha, kisha humzoeza kuunganisha sauti hizo hadi apate neno. Isichanganywe na fonetiki, ambayo ni taaluma ya sauti za lugha za binadamu kwa jumla. Mzazi anayetumia foniki hamwambii mtoto kwamba herufi hii huitwa “em”. Humwambia kwamba inasema “mmm”.

Suala hili linawahusu watunga sera kwa sababu Kiswahili kinaenea shuleni katika nchi ambazo watoto wengi hawakizungumzi nyumbani. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999 unataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Uganda ilikitambua katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Vitabu vya kusomea vitahitajika, na njia ya mkato iliyo wazi ni kuchukua kifurushi cha foniki kilichofanikiwa kwingineko, kukitafsiri na kukigawa kwa wazazi. Makala haya yanachunguza kama njia hiyo inaweza kumfikisha mtoto kwenye kusoma.

2.0 Foniki ni jibu la swali lipi?

Foniki haiwezi kuhakikiwa kwa haki bila kurejelea mgogoro ulioizaa. Rudolf Flesch alipochapisha Why Johnny Can’t Read nchini Marekani mwaka 1955, alikuwa akiishambulia mbinu ya kumtaka mtoto alikariri neno zima kwa umbo lake, kana kwamba neno ni picha. Ubishi huo uliendelea kwa miongo kadhaa. Mwaka 2000 jopo la kitaifa la Marekani kuhusu kusoma liliunga mkono ufundishaji wa foniki kwa utaratibu maalumu, na mwaka 2006 ripoti iliyoongozwa na Jim Rose ilipendekeza mwelekeo huo kwa shule za Uingereza.

Sababu ya ubishi kudumu namna hiyo imo katika tahajia ya Kiingereza yenyewe. Kiingereza kina sauti zipatazo 44 zinazowakilishwa na herufi 26, na uhusiano kati yake umejaa vighairi. Herufi moja hubeba sauti kadhaa, sauti moja huandikwa kwa namna kadhaa, na herufi nyingine haitamkwi kabisa. Utafiti wa Seymour, Aro na Erskine (2003) uliolinganisha othografia 13 za Ulaya ulionyesha gharama ya hali hiyo. Kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza wa shule, watoto wa lugha nyingi kati ya hizo waliweza kusoma zaidi ya asilimia 90 ya maneno ya kawaida waliyopewa, lakini watoto waliojifunza kwa Kiingereza nchini Scotland walisoma takribani asilimia 34.

Kazi mbili zinazohakikiwa hapa zilibuniwa kukabiliana na tatizo hilo. Kitabu cha Siegfried Engelmann, Phyllis Haddox na Elaine Bruner kinampa mzazi masomo 100 mafupi, na kila neno ambalo mzazi anapaswa kulitamka limeandikwa mbele yake. Kinaanza na sauti za m na s, kwa sababu sauti hizo zinaweza kuvutwa bila kukatika na hivyo ni rahisi kuziunganisha na sauti inayofuata. Ili kuupunguza ukorofi wa tahajia, waandishi walibuni maandishi maalumu: irabu ndefu zimewekewa alama juu, na herufi zisizotamkwa zimechapishwa kwa umbo dogo. Alama hizo huondolewa polepole mtoto anapozoea. Jolly Phonics nayo inafundisha sauti 42 katika makundi saba. Kundi la kwanza ni s, a, t, i, p na n, na kila sauti imepewa kitendo cha mwili.

Ubora wa kazi hizi haupaswi kupuuzwa. Zina mpangilio, zinaanza na chepesi na kuendelea hadi kigumu, na zinamtaka mtoto asome kwa kuyatazama maandishi badala ya kubahatisha kwa kuangalia picha. Aidha, zinamheshimu mzazi kwa kumpa kazi anayoweza kuimaliza kwa dakika chache kila siku. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ufundi wake imetumika kutibu maradhi ambayo Kiswahili hakiyaugui. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja huandikwa kwa herufi yake ileile popote inapotokea. Hakina herufi zisizotamkwa. Mtoto wa Kiswahili hahitaji alama za kumwonya kuhusu irabu zinazobadilika, kwa kuwa hazibadiliki. Dawa hiyo ikitafsiriwa jinsi ilivyo, mtoto atapewa tiba ya ugonjwa asiokuwa nao, na ugumu ulio wa kweli katika kusoma Kiswahili hautaguswa.

3.0 Thamani za herufi zinapogongana

Tatizo la kwanza hujitokeza katika familia ambazo mtoto hufundishwa foniki ya Kiingereza kwanza, kwa matumaini kwamba Kiswahili “kitajileta chenyewe”. Matumaini hayo hayana msingi. Katika foniki ya Kiingereza, herufi u hufundishwa kwanza kwa sauti inayosikika katika neno “cup”, sauti ambayo katika matamshi ya Afrika Mashariki iko karibu sana na a ya Kiswahili. Mtoto aliyeishika kanuni hiyo barabara, akikutana na neno “kuku”, kanuni yenyewe itamwelekeza kusoma “kaka”; na “dudu” litakuwa “dada”. Kosa hilo ni la mtoto mwangalifu anayetumia alichofundishwa mahali pasipokihusu, na mzazi asiyelijua hilo atamkaripia pasipo haki.

Hali ni hiyohiyo kwa herufi mbili zinazoandikwa pamoja. Jolly Phonics hufundisha ng kuwa sauti moja, ile inayosikika mwishoni mwa neno “sing”. Katika Kiswahili sauti hiyo ni ng’, kama katika “ng’ombe”, ilhali ng bila kibainishi ni sauti nyingine, kama katika “ngoma”. Vilevile, th ya Kiingereza hubeba sauti mbili ambazo Kiswahili kimezitenga kwa maandishi: th ya “thamani” na dh ya “dhamana”. Katika mifano hii Kiswahili kimeandikwa kwa uangalifu zaidi kuliko Kiingereza, na mtoto aliyezoeshwa Kiingereza pekee hufika akiwa na utaratibu uliolegea mahali panapohitaji ukali.

Haya hayamaanishi kwamba mtoto hawezi kujifunza kusoma lugha mbili. Yanamaanisha kwamba lugha ya pili haijileti yenyewe, na kwamba uchaguzi wa lugha ya kuanzia una matokeo. Kwa mtoto anayezungumza Kiswahili au lugha nyingine ya Kibantu yenye tahajia nyoofu, kuanza na lugha hiyo kunampa nafasi ya kuigundua mapema kanuni kuu ya maandishi, yaani kwamba alama husimama badala ya sauti, kabla hajatwishwa vighairi.

4.0 Silabi na mipaka yake

Muundo wa kawaida wa silabi ya Kiswahili ni konsonanti ikifuatwa na irabu. Kwa sababu hiyo, kitengo ambacho sikio la mtoto hukitambua kwa urahisi ni silabi. Mtoto wa miaka minne anaweza kupiga makofi mara mbili kwa “ba-ba” na mara tatu kwa “ka-la-mu” bila ya kufundishwa kwa muda mrefu. Kuitenga sauti b peke yake ni kazi ya namna nyingine, kwani b haitamkiki vizuri bila irabu. Wataalamu wa foniki ya Kiingereza huwaonya wazazi wasiongeze irabu baada ya b. Katika Kiswahili onyo hilo hupoteza nguvu yake: mzazi akiongeza a, anapata “ba”, ambayo ni silabi halali inayopatikana katika maneno mengi ambayo mtoto anayajua.

Ufundishaji kwa silabi una historia ndefu katika eneo hili. Katika vyuo vya Kurani vya pwani, mtoto amefundishwa kwa vizazi vingi kuiunganisha konsonanti na fataha, kasra na dhuma, ili ba, bi na bu zitokane na herufi moja. Nayo majedwali ya “ba be bi bo bu” yamewasomesha watu wazima na watoto kwa hati za Kirumi. Anayedai kwamba mzazi wa Afrika Mashariki hana desturi ya kufundisha kusoma nje ya shule anaipuuza historia hiyo.

Hata hivyo, jedwali la silabi nalo lina kasoro, na katika kasoro hizo hoja ya foniki ina nguvu. Mtoto anayeimba “ba be bi bo bu” huenda ameukariri wimbo na hajui kusoma. Mwonyeshe “bo” peke yake, nje ya mfuatano, naye ataanza upya kutoka “ba” hadi aifikie. Tena, mtoto anayejua silabi kama vipande vizima bila kutambua kwamba b ya “ba” ndiyo b ya “bu” atalazimika kukariri kila safu ya jedwali kama jambo jipya. Hapa ndipo utambuzi wa sauti moja moja unapohitajika. Foniki ifaayo Kiswahili ni ile inayoanza na silabi, kisha ikaifungua ili mtoto aione konsonanti inayobaki palepale na irabu inayobadilika.

Ugumu halisi wa tahajia ya Kiswahili uko mbali na “baba” na “mama”. Alcock na Ngorosho (2003), waliochunguza makosa ya tahajia ya watoto wa Tanzania, walihitimisha kwamba kujifunza kuendeleza maneno katika lugha yenye tahajia nyoofu si kazi nyepesi. Tazama neno “kunywa”: silabi yake ya pili, “nywa”, ina herufi nne. Tazama pia nazali. Katika “mtu” na “nchi”, m na n ni silabi kamili; katika “mboga” na “ndizi” zimeungana na konsonanti inayofuata. Neno “mbuni” likiwa na maana ya ndege lina silabi mbili; likiwa na maana ya mtu anayebuni lina silabi tatu, m-bu-ni. Hali kadhalika, “mbaya” katika “mtu mbaya” ina silabi tatu, na katika “nyumba mbaya” ina silabi mbili. Herufi ni zilezile. Kinachomwongoza msomaji ni ngeli na maana ya sentensi.

Mifano hii ina uzito wa kinadharia. Inaonyesha kwamba hata katika othografia inayosifiwa kwa unyoofu, kuna mahali ambapo maandishi hayatamkiki sawasawa kabla hayajaeleweka. Kitabu cha foniki kinachoishia kwenye maneno ya silabi mbili zilizo wazi huacha sehemu hiyo yote bila kufundishwa, ilhali mzazi ameambiwa kwamba kazi imekwisha.

5.0 Sauti za mzazi

Kila kifurushi cha foniki cha nyumbani kina dhana moja isiyotajwa: kwamba mzazi anazo sauti anazotakiwa kuzifundisha. Katika Kiswahili cha Afrika Mashariki dhana hiyo haiwezi kukubaliwa bila masharti. Katika Kinyarwanda, l na r hazitofautishi maana kama zinavyofanya katika Kiswahili sanifu. Katika Luganda, uchaguzi kati ya sauti hizo hutegemea irabu iliyotangulia. Mzazi aliyelelewa katika lugha hizo anaweza kuwa msomaji hodari wa Kiswahili na bado asitofautishe kwa ulimi wake “kalamu” na “karamu”, au “mahali” na “mahari”. Wazungumzaji wengi, wakiwamo wa Kenya na Tanzania, hawatofautishi “dhana” na “zana” wala “thamani” na “samani”. Katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, h ya “hapana” mara nyingi haitamkwi.

Mwitikio uliozoeleka mbele ya hali hiyo ni kumwona mzazi kuwa mwenye upungufu na kupendekeza afundishwe matamshi kwanza. Pendekezo hilo halitekelezeki na lina madhara. Mzazi aliyeambiwa kwamba sauti zake ni mbovu ataacha kusoma na mwanawe, na hasara ya kuacha kusoma ni kubwa kuliko hasara ya kuchanganya l na r. Watu wazima wengi huandika “kalamu” na “karamu” kwa usahihi ingawa huyatamka sawa, kwa sababu wameyaona maneno hayo mara nyingi katika muktadha wake. Mtoto naye anaweza kufika hapo kwa njia ileile, mradi asome matini zenye maana.

Kwa hiyo mwandishi wa mwongozo wa nyumbani anapaswa kuzigawa sauti katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la sauti ambazo wazazi wote wa eneo linalohusika wanazo, kama vile irabu tano na konsonanti m, n, k, t, p, b na s. Hizi zinafaa kufundishwa kwa sikio na kwa mapema. Kundi la pili ni la sauti zinazotofautiana kutoka eneo hadi eneo, na hizi zinafaa kufundishwa kwa jicho, kupitia jozi za maneno zilizomo katika sentensi. Mwongozo unaofaa Kigali hautalingana na unaofaa Mombasa au Bukavu katika kundi hilo la pili. Kifurushi kimoja kwa kanda nzima hakiwezi kuifanya kazi hiyo.

6.0 Kutamka na kuelewa

Kasoro nzito zaidi inahusu ufahamu. Gough na Tunmer (1986) walipendekeza kwamba kusoma ni zao la mambo mawili: uwezo wa kuyageuza maandishi kuwa maneno, na uwezo wa kuielewa lugha inayosikika. Kwa kuwa ni zao na si jumla, kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Foniki hushughulikia jambo la kwanza tu. Nchini Marekani au Uingereza pengo hilo halionekani upesi, kwa sababu mtoto anayefundishwa Kiingereza kwa kawaida hukielewa anapokisikia. Akifaulu kuliunganisha neno, hulitambua.

Mtoto wa Gulu, Huye au Gitega anayefundishwa kusoma Kiswahili hayumo katika hali hiyo. Kwa sababu tahajia ya Kiswahili ni nyoofu, na hasa ikiwa lugha yake ya nyumbani nayo ni ya silabi wazi, anaweza kuitamka aya nzima ya Kiswahili baada ya muda mfupi bila kujua inasema nini. Unyoofu unaosifiwa unakuwa pazia. Mzazi husikia sauti safi na kuridhika. Mwalimu huandika kwamba mtoto anasoma. Mpimaji huhesabu maneno kwa dakika. Pengo hujitokeza miaka mitatu au minne baadaye, pale vitabu vinapomtaka mtoto ajifunze kwa kusoma. Kusoma kwa sauti bila kufuata maana kunafahamika vyema katika chuo cha Kurani, ambako kisomo kina thamani yake chenyewe na kila anayehusika analijua hilo. Kinachotia wasiwasi ni kuzalisha kisomo cha namna hiyo katika elimu ya kawaida na kukiita ufahamu.

Vipimo vya kasi huongeza utata. Piper, Schroeder na Trudell (2016) walionyesha kwamba watoto waliopimwa nchini Kenya walisoma Kiingereza kwa kasi kubwa kuliko Kiswahili, lakini wakaelewa zaidi waliposoma Kiswahili. Sehemu ya maelezo imo katika muundo wa neno. Kiswahili ni lugha ambishi bainishi: neno moja “nitawasomea” hubeba nafsi ya mtenda, wakati, nafsi ya mtendewa, mzizi na kauli ya kutendea, mambo ambayo Kiingereza huyagawa katika maneno kadhaa mafupi. Mtoto aliyesoma maneno 20 ya Kiswahili huenda ameshughulikia taarifa nyingi kuliko aliyesoma maneno 30 ya Kiingereza. Anayelinganisha takwimu hizo bila kuliangalia neno lenyewe anaweza kuishauri serikali iegemee lugha ambayo watoto wanaielewa kidogo zaidi.

Muundo huohuo unaonyesha ukomo wa kuunganisha sauti moja moja. Neno la Kiingereza la sauti tatu linaweza kushikwa kumbukani hadi mwisho. “Hatutawaandikia” lina herufi 15. Anayelisoma herufi kwa herufi huwa amesahau mwanzo kabla ya kufika mwisho. Msomaji mahiri huyatambua ha-, tu-, ta-, wa- na andik- kama vipande vyenye maana. Hatua hiyo kutoka silabi hadi viambishi haimo katika vielelezo viwili vinavyohakikiwa, na isingeweza kuwamo, kwa kuwa Kiingereza hakiihitaji kwa kiwango hicho. Mwandishi wa Kiswahili ndiye anayepaswa kuibuni.

7.0 Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na uhakiki huu, mambo manne yanapendekezwa kwa wanaoandaa au kugharimia programu za kusoma nyumbani.

Kwanza, mtoto aanze kusoma katika lugha anayoielewa. Palipo na Kiganda, Kinyarwanda au Kirundi nyumbani, lugha hiyo itangulie, na Kiswahili kifuate baada ya mtoto kukisikia na kukizungumza kwa kiasi cha kutosha. Mtaala wa madarasa ya chini wa Uganda ulioanza 2007 uliikubali kanuni hiyo kwa shule. Haifai programu za nyumbani ziivunje kwa jina la kukikuza Kiswahili. Lugha haikuzwi na wasomaji wasioielewa.

Pili, miongozo ya Kiswahili iandikwe upya badala ya kutafsiriwa. Ianze na irabu na silabi wazi, iifungue silabi hadi sauti, kisha iende kwa mpango maalumu kwenye nazali, herufi pacha na viambishi. Kila hatua iwe na matini fupi inayosema jambo.

Tatu, mazungumzo yahesabiwe kuwa sehemu ya somo. Vitendawili, hadithi na nyimbo humzoeza mtoto sauti na msamiati kwa pamoja, na mzazi asiyejua kusoma anaweza kuziongoza. Maandishi yaliyomo nyumbani nayo yatumike. Nyumba nyingi zisizo na kitabu cha hadithi zina kanga, na kila kanga ina sentensi kamili ya Kiswahili ambayo mama anaweza kuifafanua. Izingatiwe tu kwamba jina la kanga huandikwa kwa herufi kubwa, ilhali vitabu vya watoto hutumia zaidi herufi ndogo; mwongozo mzuri utamsaidia mtoto kuliziba pengo hilo.

Nne, upimaji uliokubali kasi kuwa kipimo cha pekee urekebishwe. Baada ya kila aya inayosomwa kwa sauti, mtoto aulizwe maswali, na aruhusiwe kujibu kwa lugha yoyote anayoimudu. Jibu sahihi kwa Kirundi kuhusu matini ya Kiswahili ni ushahidi wa kusoma. Matamshi safi yasiyofuatwa na jibu si ushahidi.

Foniki imewakumbusha wataalamu wa kanda hii jambo walilokuwa wakilipuuza, kwamba kuimba jedwali si kusoma na kwamba mtoto anahitaji kufundishwa waziwazi uhusiano wa sauti na herufi. Deni hilo linafaa kukiriwa. Lakini wazazi wataipima mbinu yoyote kwa saa walizoitolea baada ya kazi ya kutwa. Mzazi anayeketi na mwanawe kila jioni kwa mwaka mzima, kisha akagundua kwamba mtoto anatamka asichokielewa, hatailaumu mbinu wala waliomshauri. Atajilaumu mwenyewe, au atamlaumu mtoto. Wenye wajibu wa kuzuia jambo hilo ni wale wanaoamua sasa ni vitabu gani vitakavyomfikia mzazi huyo.